Viendelezi vya Kihariri cha Msimbo: Kipi Kinamfaa Mwalimu wa Kiswahili?

Makala za kompyuta katika majarida ya idara za lugha aghalabu huishia kwenye programu za kuchapa barua na kutunga mitihani. Safari hii tunakusudia kueleza chombo ambacho wengi wetu tumekiona kwenye skrini za vijana wa kitivo cha kompyuta, tukapita tukiamini kwamba hakituhusu. Chombo hicho ni kihariri cha msimbo, na hasa vile vijiprogramu vinavyopachikwa juu yake ili kukiongezea uwezo. Sababu ya kukizungumzia ni kwamba mwanafunzi wa lugha wa leo anakusanya matini nyingi, anatengeneza orodha za msamiati zenye maelfu ya mistari, na anatarajiwa kuzichambua. Kazi hiyo ikifanywa ndani ya programu ya kuchapia barua huwa ni mateso matupu, ilhali waandaaji wa programu walishaitafutia dawa siku nyingi.

Kihariri cha msimbo hakina mambo ya wino mzito wala ukubwa wa herufi. Huandika matini tupu, yaani herufi ulizobonyeza na si kingine, na kina uwezo mkubwa wa kutafuta, kulinganisha na kupanga. Vipo vingi. Tutakachotolea mifano zaidi ni Visual Studio Code cha kampuni ya Microsoft, ambacho kwa kifupi huitwa VS Code. Kilitangazwa Aprili 2015. Novemba mwaka huohuo msimbo wake ukawekwa wazi na mlango wa viendelezi ukafunguliwa. Toleo la 1.0 likatoka Aprili 2016. Hakilipiwi, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Asiyependa nakala inayotolewa na Microsoft yenyewe anaweza kuchukua VSCodium, ambacho hutengenezwa kutokana na msimbo uleule wa wazi.

Tuelewane kwanza juu ya istilahi. Wanafunzi wa mofolojia wanajua jinsi mzizi pig- unavyopokea viambishi ukazaa pigia, pigisha, pigana, pigwa na pigika. Kihariri kinafanana na mzizi huo: kina maana yake, lakini kinachotakiwa na mtumiaji fulani huletwa na kile kinachopachikwa. Kwa hiyo neno kiendelezi linatupendeza. Dosari yake ni kwamba baadhi ya watu hulitumia pia kwa ule mkia wa jina la faili, kama .txt au .docx. Wengine husema programu jalizi, wengine nyongeza. Mjadala wa namna hii si mgeni kwa watu ambao tayari wana kompyuta, tarakilishi na ngamizi kwa mashine moja, nasi hatutaumaliza hapa. Katika makala hii kiendelezi ni kinachopachikwa kwenye kihariri, na mkia utabaki kuwa mkia.

Mistari ya mawimbi chini ya Kiswahili

Kiendelezi ambacho mwalimu wa lugha angekitafuta kabla ya vyote ni cha kukagua tahajia. Kinachotumiwa sana kinaitwa Code Spell Checker, kazi ya Street Side Software. Kilibuniwa kwa ajili ya msimbo, na ndiyo maana kina ustadi maalumu: kikikutana na jina lililoungwa kama jumlaYaAlama, hulipasua na kukagua kila kipande peke yake. Ila usipokielekeza, huchukulia kwamba lugha yako ni Kiingereza. Fungua insha ya Kiswahili ndani yake, na karibu kila neno litapigiwa mstari wa mawimbi.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mwanafunzi anayeona ukurasa mzima wa lugha anayojifunza umejaa mistari huzoea kuipuuza yote, hata ile ya haki. Hatimaye huzima ukaguzi kabisa, na kosa lililokuwa la kidole linakuwa kosa la kudumu.

Dawa ya kwanza ni rahisi. Unaunda faili ya matini tupu yenye maneno ya Kiswahili, neno moja kwa kila mstari, kisha katika mipangilio ya kiendelezi unaitaja faili hiyo kuwa kamusi ya ziada. Baada ya hapo, kila ukikutana na neno sahihi lililopigiwa mstari, unalibofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuliingiza katika orodha. Faili hiyo ni mali yako: unaweza kumpa mwenzako kwa flashi, au idara nzima ikatumia moja. Jihadhari na jambo moja. Kiendelezi hiki, kikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo, hakigusi maneno yenye herufi chini ya nne. Kwa mwandishi wa msimbo hiyo ni nafuu. Kwetu sisi ni pengo, kwa sababu ya, wa, za, cha na la ndimo makosa mengi ya upatanisho yanamolala.

Hapa Uganda kuna kosa jingine linalostahili kuangaliwa kwa karibu. Katika Luganda l na r ni alofoni: r huandikwa baada ya irabu e na i, na l mahali pengine. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha hiyo huja na kanuni yake darasani, na kwa kanuni hiyo huandika habali, balua, kire na piripiri. Orodha ya maneno itayanasa yote hayo, kwani si maneno ya Kiswahili sanifu. Lakini kanuni ileile humfanya aandike kwamba wananchi walipiga kula, au kwamba bwana harusi ameshalipa mahali. Kula ni neno, na mahali ni neno. Hakuna kamusi itakayolalamika. Kikaguzi cha tahajia huuliza kama neno lipo, hakiulizi kama lipo pale linapostahili kuwa. Mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba ukurasa usio na mistari ni ukurasa usio na makosa.

Kwa nini orodha haitoshi

Kuna tatizo kubwa zaidi, na linatokana na umbo la lugha yenyewe. Tuchukue kitenzi soma katika hali yakinishi tu. Tukihesabu viambishi vya nafsi na ngeli vinavyotofautiana kwa maandishi katika nafasi ya kiima (ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa) tunapata 14. Viambishi vya njeo na hali, tukichukua na, li, ta, me, ki, nge na ngali, ni 7. Nafasi ya yambwa inaweza kuachwa wazi au kujazwa na ni, ku, m, tu, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi au pa, yaani hali 14. Zidisha: 14 kwa 7 kwa 14 ni 1,372. Hayo ni maumbo ya kitenzi kimoja, kabla ya kukanusha, kabla ya virejeshi, kabla ya ji, na kabla ya kunyambua kuwa somea, somesha au somwa. Kweli, mengine hayasemwi na mtu, lakini hata ukiyatupa nusu, yanayobaki hayaandikiki kwa mkono. Kiingereza kinaridhika na read, reads na reading. Chombo kilichobuniwa kwa lugha ya namna hiyo hakiwezi kutuelewa bila kufundishwa.

Ndipo unapoingia utaratibu wa Hunspell, ambao hutumiwa na LibreOffice na programu nyingine nyingi. Hunspell haihitaji kila umbo. Inahitaji faili mbili: ya kwanza, yenye mkia .dic, ni orodha ya mashina. Ya pili, yenye mkia.aff, ni kanuni za viambishi. Katika faili ya kwanza unaandika hivi:

soma/A

Na katika ya pili:

PFX A Y 3
PFX A 0 ana .
PFX A 0 tuna .
PFX A 0 wali .

PFX ni kiambishi awali, A ni jina la kundi, na 3 ni idadi ya kanuni. Kwa mistari hiyo Hunspell inayatambua anasoma, tunasoma na walisoma. Na kila kitenzi utakachokipa alama ya A kitapata maumbo hayo bila kazi ya ziada. Kwa kitenzi cha silabi moja unaweka kula/A, nawe unapata anakula, tunakula na walikula. Hii ni sarufi tuliyoifundisha ubaoni miaka yote, ila safari hii imeandikwa kwa namna ambayo mashine inaielewa.

Ugumu unaanza viambishi vinapopangana. Tutakapowasomea ina tu, ta, kapo na wa kabla ya mzizi. Hunspell kwa kawaida huvua kiambishi awali kimoja, na ukiipa amri maalumu huvua viwili, si vinne. Kwa hiyo mchanganyiko mzima wa tutakapowa lazima uandikwe kama kiambishi kimoja. Kukanusha nako kuna lake. Katika hasomi alama ya ukanushi imeshika ncha zote mbili, ha mwanzoni na i mwishoni, na kanuni zikiandikwa ovyo faili itapitisha hasoma bila wasiwasi. Hunspell ina alama ya kufungamanisha kiambishi awali na tamati, lakini anayeiweka inampasa ajue kwanza kwamba hatasoma na hajasoma hazifuati kanuni hiyo. Anayejua hilo ni mwalimu wa sarufi. Mwandishi wa programu aliyeko Seattle hawezi kulikisia.

LibreOffice huja na faili za Kiswahili zinazoitwa sw_TZ.dic na sw_TZ.aff. Kwenye VS Code kuna kiendelezi kiitwacho Spell Right ambacho katika Linux hutumia Hunspell: ukizinakili faili hizo mbili katika folda yake ya kamusi, unapata ukaguzi wa Kiswahili ndani ya kihariri. Si kamili. Ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko orodha tupu.

Kihariri kinachoijua Kibaale

Katika duka la viendelezi mtakuta kimoja kinachoitwa Vim. Kazi yake ni kukifanya VS Code kifuate vibonye vya kihariri kikongwe chenye jina hilo, kilichotolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023. Hatuwashauri walimu kuanza na Vim, maana hata kutoka ndani yake kunahitaji somo. Tunakitaja kwa sababu nyingine. Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda upande wa Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania (msichanganye na wilaya ya Kibaale ya huko Bunyoro). Aliporudi kwao hakutaka watumiaji wa Vim wamlipe yeye. Aliomba wawasaidie watoto wa Kibaale. Kwa miaka mingi aliyefungua Vim bila faili alikutana na mistari ya kuomba msaada kwa watoto wa Uganda, na watu wengi wa mabara ya mbali waliisoma Uganda kwa mara ya kwanza kwenye skrini hiyo nyeusi.

Vim ilipata ukaguzi wa tahajia mwaka 2006 katika toleo la 7, na miongoni mwa lugha ambazo mradi wake umezitayarishia vifaa vya tahajia kimo Kiswahili, na Kinyarwanda pia. Ukiandika :set spell spelllang=sw, inakubali kutafuta kamusi na kuanza kazi. Kihariri kikongwe kinatuhudumia pale ambapo kipya kinatuacha tujitafutie.

Kutafuta kwa ruwaza

Uwezo tutakaouzungumzia sasa hauhitaji kiendelezi, umo ndani ya VS Code tangu mwanzo, nasi tunauona kuwa ndio hasa unaomfaa mwanaisimu. Ni kutafuta kwa ruwaza badala ya neno kamili. Fungua kisanduku cha kutafuta, bonyeza Alt na R, kisha andika:

\b(ni|u|a|tu|m|wa)li\w+

Maana yake ni hii: mwanzo wa neno, kisha kiambishi kimojawapo cha nafsi, kisha li, kisha herufi zozote. Utapata nilisoma, waliondoka, tulikubali. Utapata pia walimu, ulimi, mlima na alizeti. Hapo ndipo darasa linachangamka, kwa sababu wanafunzi wanalazimika kueleza kwa nini wa-li-mu si njeo iliyopita, na mashine itaambiwaje.

Sasa wape kazi ya kutafuta virejeshi:

\b(ni|u|a|tu|m|wa)li(ye|o|po|cho|vyo|lo|yo|zo|mo|ko)\w+

Aliyesoma, waliosoma na tuliposoma zitajitokeza. Zitajitokeza pia alioa, alikopa na alizoea, ambazo o, ko na zo zake ni sehemu ya kitenzi chenyewe. Saa moja ya zoezi hili hufundisha mipaka ya mofimu kuliko mihadhara kadhaa tuliyoisikia.

Ruwaza zinarudi pia kwenye makosa ya l na r. Ukiwa na folda yenye insha za darasa zima, VS Code hutafuta ndani ya faili zote kwa mara moja ukibonyeza Ctrl, Shift na F. Ruwaza pig\w+\s+kula itawakamata wapiga kula wote. Ruwaza lip\w+\s+mahali itawakamata waliolipa mahali, pamoja na watu wasio na hatia waliosema alipofika mahali fulani; hao mwalimu atawachuja kwa macho. Sharti moja: insha ziwe matini tupu. Faili za .docx hazitafutiki hivi mpaka zigeuzwe, na programu ya bure iitwayo Pandoc huzigeuza kwa amri moja.

Sarufi, majedwali na mengineyo

Kwa sarufi kuna kiendelezi LTeX+, kinachoendeleza kile cha awali kilichoitwa LTeX. Nyuma yake inafanya kazi LanguageTool, ambayo hukagua upatanisho na mpangilio wa maneno katika lugha zaidi ya 20. Kitagalogi kimo. Kibretoni cha Ufaransa kimo, chenye wasemaji wachache mno kuliko wetu. Kiswahili hakimo. Kanuni zake huandikwa katika faili za XML ambazo mtu yeyote aliyezoea kidogo anaweza kuzitunga: ukiona kitabu kinafuatwa na yangu, toa onyo na upendekeze changu. Ngeli zinahesabika, na makosa ya kitabu yangu na watoto zangu tunayasahihisha kila wiki kwa kalamu nyekundu. Kazi ya namna hii inaweza kabisa kuwa tasnifu ya shahada ya uzamili, na tunashangaa kwamba wanafunzi wetu bado wanarudiarudia mada zilezile za mtindo katika riwaya.

Rainbow CSV ni cha kupendeza kwa anayetunza orodha za msamiati: huipa kila safu rangi yake, ili neno, ngeli, maana na mfano visichanganyike. Live Share huwawezesha watu wawili walio mbali kuhariri faili moja kwa pamoja. Kinafaa, kama umeme na intaneti vipo. Kwa walimu wa mazoezi, kihariri chenyewe kinakubali vifupisho: unaandika azm, unabonyeza Tab, na muundo mzima wa azimio la kazi unajitokeza na nafasi za kujaza.

Menyu za VS Code bado ni za kigeni. Pakiti za lugha nazo ni viendelezi, na Microsoft inatoa za Kijapani, Kituruki, Kicheki na nyingine, si ya Kiswahili. Haikosekani kwa kuwa haiwezekani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.

Tahadhari chache. Kiendelezi huendeshwa kwa ruhusa zilezile za kihariri: kinaweza kusoma faili zako, kuzibadilisha, na kutuma vitu kwenye intaneti. Angalia nani amekitoa, na usipachike usichokihitaji. Wengi walikuwa na Bracket Pair Colorizer cha kupaka rangi mabano, kilichokuwa kizito kwenye faili kubwa. Mwaka 2021 VS Code ikaweka kazi hiyo ndani yake kwa kasi kubwa zaidi, na kiendelezi kikawa mzigo tu. Vile vya akili unde, kama GitHub Copilot iliyotangazwa mwaka 2021, hupeleka sehemu ya maandishi yako kwenye kompyuta za kampuni ili vipate la kupendekeza. Mtihani ambao haujafanywa usifunguliwe hapo.

Kwa wasio na intaneti ya kutosha: kihariri chenyewe ni takribani MB 100, hupakuliwa mara moja na kunakiliwa kwa flashi. Kiendelezi nacho huweza kuhifadhiwa kama faili yenye mkia .vsix, kikapelekwa kwenye mashine isiyo na mtandao na kupachikwa kwa amri code --install-extension ikifuatwa na jina la faili. Wanaotaka kuchangia maneno katika orodha ya idara wayalete kwa matini tupu, neno moja kila mstari. Orodha za .docx tutazirudisha kwa wenyewe.